Kaye Yangu ya Simbole

Mliniomba kurasa chache. Mwalimu kijana mliyemtuma alifika kwangu hapa Baraka na sabuni mbili na heshima nyingi, akasema, "Mama, utuandikie mambo ya kazi yako, balimu bapya basome." Nikamwahidi mambo mazuri. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi nilipita shuleni kwenu kuwasalimu, nikaona mtoto wa kike amekaa peke yake karibu na bomba la maji, kipande cha ubao kinaning'inia shingoni mwake kwa kamba, na mambo mazuri yote yakanitoka kichwani. Basi someni hivi hivi nilivyoandika. Nimekasirika, na sitaomba radhi kwa hilo.

Nilianza kazi Fizi-Centre, miaka ile nchi ikiitwa Zaire, katika darasa la tano la shule ya msingi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo wa kile kilima mnaujua. Watoto zaidi ya hamsini walinitazama nikiteleza kutoka uwanjani hadi mlangoni, na hakuna aliyecheka mpaka nilipofika salama. Mwalimu aliyenipokea alikuwa mzee Asukulu, Mbembe mwenye sauti ya chini aliyekuwa akifundisha Kifaransa tangu sijazaliwa. Alitazama miguu yangu, akasema, "Kesho uvae sandali." Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, nyingine zenye soda, na hakuna iliyonifaa kama ile.

Asukulu alinifundisha kazi kwa mikono kwanza. Ubao ukipauka, unatwanga majani ya muhogo pamoja na ule unga mweusi wa ndani ya betri zilizokufa, zile tunazoita mawe ya redio, unapaka Jumamosi, na Jumatatu chaki inashika. Chaki unaikata vipande vitatu, kwa sababu kijiti kizima mkononi mwa mwalimu kinamfanya aandike sana. Mtoto anayelala darasani usimpige kabla hujamuuliza alikula nini. Haya yote bado ni kweli, na hamtayakuta kwenye miongozo yenu.

Kitabu cha Kifaransa kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nacho kilikuwa changu. Ndani yake familia moja ya Ulaya ilikuwa daima inasubiri treni, na nje theluji inaanguka. Nilifundisha stesheni miaka mingi. Treni ya karibu yetu ilikuwa Kalemie, mbali kabisa kusini, na hiyo ilikuja ilipopenda. Watoto wangu waliweza kusema kwa Kifaransa safi kwamba mizigo iwekwe kwenye behewa la pili. Lakini siku mmoja wao alipochelewa kwa sababu mama yake alikuwa na homa, alisimama mlangoni akitafuta maneno mpaka machozi yakamtoka, maana kitabu hakikuwa na mama mgonjwa. Na mimi nilimngoja ayapate. Nilijua anataka kusema nini, nilijua Kiswahili chake na Kibembe chake, na nikamngoja, kwa sababu sheria ilisema Kifaransa tu.

Sasa nifike kwenye ubao wa shingoni. Tuliuita simbole. Ulikuwa na ukubwa wa kiganja, na Asukulu aliurithi kutoka kwa mwalimu aliyemtangulia. Asubuhi mwalimu anamvika mtoto wa kwanza anayesikika uwanjani akisema lugha yoyote isiyo Kifaransa. Mtoto huyo anaanza kutega masikio kwa wenzake, akimkamata mmoja anamvika, na huyo naye anamtafuta mwingine. Atakayekutwa nao kengele ya mwisho inapolia ndiye anayelima shamba la shule kesho yake. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, Kifaransa na kuwashtaki rafiki zako, na la pili ndilo waliloelewa haraka.

Asukulu hakuupenda. Alikuwa akiutupa kabatini wiki nzima na kujifanya amesahau. Mimi nilikuwa kijana mwenye bidii. Mtu mwenye bidii mwogopeni sana, hasa kama ana rula. Niliona ubao peke yake haupendezi, hauna kumbukumbu, nikanunua kaye, daftari la shule, na kuipiga mistari safu tatu: jina la mtoto, anakaa kwa nani, na lugha aliyokamatwa nayo. Kila jioni niliandika kwa mwandiko wangu bora. Inspekta alipokuja aliifungua, akaipepea mbele ya walimu wote na kuwaambia waige. Asukulu alingoja tukiwa wawili.

"Binti yangu," alisema, "juu ya nini unaandika luga? Mutoto akisha kulima, bimeisha."

Nilimjibu kwamba kazi inataka utaratibu. Nilimjibu kwa Kifaransa, tena mzee yule! Hata leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nyamahoro aliingia darasani kwangu miaka michache baadaye. Alikuwa wa familia za wafugaji wa juu milimani, wasemao Kinyarwanda. Baba yake alimleta Fizi asome, akakaa nyumbani kwa mchungaji mmoja, Mbembe, aliyekuwa amehubiri huko juu na kunywa maziwa yao. Kiswahili cha Nyamahoro kilikuwa cha Fizi kabisa, Kibembe alikisema akicheza, na Kifaransa aliwapita wote. Rafiki yake alikuwa Furaha, binti wa muuza unga wa muhogo, na walikaa dawati moja safu ya pili. Mgeni akiingia darasani asingejua nani ametoka wapi. Yeye mwenyewe alitaka iwe hivyo, na sikuwa na akili ya kuliona.

Siku moja walikuwa wanafagia darasa. Simbole ilikuwa shingoni mwa Furaha na kengele imekaribia. Nyamahoro, akidhani hakuna mtu wa kumsikia, alikuwa anaimba pole pole wimbo wa kwao wa kanisani. Furaha alivua ubao akamvika. Msimlaumu. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na sisi ndio tuliomfundisha kwamba njia ya kutoka kwenye adhabu ni shingo ya rafiki yako.

Nyamahoro alikuja mezani nikiwa nimeshafungua kaye. Hakulia. Aliweka kidole chake kwenye safu ya tatu.

"Madamu," alisema, "tafazali, ile luga usiandike. Andika Kiswahili. Nitalima mara mbili."

"Ulisema Kiswahili?"

"Hapana."

"Basi nitaandikaje uongo?"

"Nitalima mara mbili, Madamu. Ata mara tatu."

Nikaandika. Nyamahoro, kwa mchungaji, Kinyarwanda. Nilikausha wino kwa kupuliza. Nilijiona mwalimu mwadilifu kabisa, asiyependelea mtoto hata kama ni wa kwanza darasani. Kesho yake alilima mara moja tu, kama sheria ilivyosema.

Kisha ukaja ule mwaka wa vita ya kwanza nchini mwetu. Redio ilianza kutaja makabila asubuhi na jioni, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Familia nyingi za Kinyarwanda ziliondoka. Baba yake Nyamahoro hakuweza kushuka kumchukua kwa sababu njia ya milimani ilikuwa imefungwa. Mchungaji alisema mtoto atakuwa salama kwake, aendelee kusoma, na asiende popote bila Furaha. Nilikuwa nimepanda nao darasa la sita. Kila asubuhi nilimhesabu yeye kwanza kabla ya wengine, na kaye ikabaki kabatini chini ya karto, lile boksi la chaki. Simbole tulikuwa tumeshaiacha wiki kadhaa, hakuna aliyekuwa na moyo nayo. Kuichoma ile kaye hakukunijia akilini hata siku moja. Ningeichomaje? Ilikuwa nadhifu.

Vijana watano wenye bunduki waliingia saa ya Kifaransa, jua limeshapanda. Direkta, mkuu wetu wa shule, alikuwa mbele yao, jasho linamtoka.

"Banatafuta batoto ba kule juu," aliniambia. Halafu akawageukia. "Sisi hapa hatuandikake kabila ya mutoto. Mwangalie rejista. Hakuna."

Alisema kweli. Rejista ya shule haikuwa na kabila. Walikuwa wanageuka kuondoka. Mmoja alibaki amesimama karibu na dirisha, ananitazama, na nikamfahamu. Lubunga. Alikuwa mwanafunzi wangu, miaka sita kabla ya hapo, mtoto mkorofi mwenye mwandiko mzuri.

"Direkta hajue," alisema. "Madamu iko na kaye. Anaandikaka luga ya kila mutoto. Mi mwenyewe aliniandika mara kumi na moja."

Hakusema kwa chuki. Alisema karibu kwa fahari, kama mtu anayekumbuka mchezo wa utotoni.

"Ile kaye ilioza," nikasema. "Mchwa waliila."

"Itakuwa chini ya karto ya chaki, Madamu. Ni mi nilikuwa nakuletea."

Akaenda moja kwa moja kabatini, akaitoa, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati lake. Akafungua akaanza kusoma kwa sauti, kidole kinashuka safu ya tatu. Kibembe. Kiswahili. Kibembe. Kibembe. Kifuliiru. Alisoma vizuri, bila kukwama, maana nilimfundisha mwenyewe. Kwenye ukurasa mmoja kidole kikasimama.

"Nyamahoro. Kwa muchungaji. Kinyarwanda." Akainua macho. "Nyamahoro njo nani?"

Alikuwa safu ya pili, hatua nne kutoka kwake, mikono juu ya dawati. Niliyaangalia madarasa yale yote niliyokuwa nimeyafundisha kutega masikio na kushtaki, yamekusanyika katika sura za watoto hamsini, na nikajua wapo wanaojua jibu na wamezoea kulitoa. Furaha akasimama.

"Alihama," alisema. "Baba yake alikuyaka kumubeba. Ata kitanda yake alibeba."

"Lini?"

"Mbele ya mavuno."

"Eee, alihama," akasema mwingine kule nyuma. Na mwingine. Hata yule aliyekuwa bingwa wa kuvika wenzake ubao alisema alihama, na kwamba alibaki na deni lake la goroli. Lubunga alinitazama.

"Madamu, ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. Ndiyo sentensi yangu pekee ya siku ile ninayoweza kuirudia bila aibu.

Walitoka. Na hapa ndipo kosa langu la pili. Nilifunga mlango, nikawakumbatia watoto, nikalia, nikawashukuru, nikaona tumeshinda. Nusu saa nzima! Lubunga alikuwa ameondoka na kaye chini ya kwapa, na kaye ilikuwa na safu ya pili. Anakaa kwa nani. Mimi ndiye niliyeongeza safu hiyo, ili niweze kupeleka habari kwa wazazi. Mchungaji alikuwa nyuma ya nyumba anafunga mbuzi. Walimwonyesha mwandiko wangu. Aliwaambia hajui mtoto yupo wapi, wakamchukua kwa njia ya kushuka ziwani, na hakurudi. Mkewe alimwekea chakula kwa muda mrefu. Aliponiona sokoni alinisalimu kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyemwambia mwandiko ule ulikuwa wa nani. Mimi pia sikumwambia. Leo nimeandika, na kama bado yupo hai na mtu atamsomea, basi ajue.

Nyamahoro aliondoka mchana ule ule. Mama yake Furaha alimvisha kitambaa cha nyumbani kwake, akamtwika kapu la unga kichwani, akamwambia, "Kuanzia sasa weye ni Neema, mutoto yangu." Walipita njia za mashambani mpaka ziwani, na kutoka hapo wakavuka kwenda Tanzania.

Msidhani nasema habari ya upande mmoja. Majuma machache baadaye walikuja askari wengine, wa lugha nyingine, na zamu ikawa yetu sisi wa huku chini. Kwenye kizuizi kimoja cha njia ya Baraka walitupanga mstari na kutuamuru tuseme, mmoja mmoja, na aliyesikika Mbembe alivutwa pembeni. Asukulu alipigwa mbele yangu mpaka akaacha kusimama. Aliishi, lakini hakushika chaki tena. Niliwaza pale mstarini kwamba kaye yangu ingewarahisishia kazi hata hawa. Kurasa zote zile, Kibembe, Kibembe, Kibembe. Nilikuwa nimeandaa orodha ya kumfaa kila mwenye bunduki atakayepita, wa upande wowote.

Kambini Tanzania, nilikokimbilia baada ya hapo, nilifundisha chini ya turubai, maandishi kwenye katoni za msaada. Nilikuwa huko kwa mwezi wa tatu nilipokutana na Nyamahoro kwenye foleni ya maji, yeye na ndoo yake. Alikuwa amerefuka. Alinisalimu kwa Kifaransa, kwa ile sauti yake safi ya darasani, kisha akanong'ona nisimwite jina. Nikaanza kuomba msamaha. Nilichanganya lugha zote, nikaeleza, nikajitetea, nikasema sikujua, nikasema ilikuwa sheria, nikasema inspekta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mwalimu.

"Lakini Madamu," alisema, "mi nilikuambia nitalima mara mbili."

Zamu yake ikafika, akajaza ndoo, akaenda. Nikajaza yangu, nikarudi turubaini kwenye Kiingereza changu cha kujifunzia. Aliendelea kusoma kwa jina la Neema, akaolewa kwa jina hilo. Mpaka leo hajarudia lake.

Niliporudi baada ya vita nilifundisha Kiingereza sekondari hapa Baraka hadi nilipostaafu, na simbole sikuigusa tena. Walioniona mvivu waliniona mvivu. Nilianza kila somo kwa lugha ya mtoto. Aniambie kwanza kwa Kiswahili jinsi ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanavyoanikwa, au jinsi pikipiki inavyozama kwenye tope la njia ya Misisi, halafu tutafute pamoja maneno ya Kiingereza. Msichana mmoja wa Lulimba aliyeletwa akiwa hajui hata kusalimu alieleza baada ya mwaka mmoja, kwa Kiingereza, namna ya kuchekecha dhahabu, hatua kwa hatua, mpaka mimi nikachukua kalamu. Treni haikumsaidia, wala theluji. Nafikiri mtu anajifunza lugha ya pili upesi kama hajakatazwa kuwa na ya kwanza, na miaka yangu ya mwisho yote ilinithibitishia hivyo.

Alhamisi nilimuuliza yule kijana wenu wa sabuni mbili ule ubao wa nini.

"Mama, ni juu ya Kiingereza," alisema. "Siku hizi dunia muzima inakisoma. China banakisoma, Brésil banakisoma. Bila kukaza, batoto habatasema."

"Na huko China wanawavika watoto ubao?"

"Sijue, Mama. Lakini tuko na utaratibu." Na akanionyesha, maskini, akitegemea nimsifu. Kaye. Mistari kwa rula. Jina, anakaa kwa nani, lugha. Amenizidi safu moja, ya namba ya simu ya mzazi. Na huku Fizi, ambako hata sasa hatupiti mwaka bila kusikia bunduki upande wa milimani.

Niliichukua, pamoja na ule ubao. Alidhani naipeleka nyumbani kuisoma, na direkta wenu amenitumia ujumbe mara mbili akiitaka. Haitarudi. Imeungua chini ya sufuria yangu ya maharage, na ubao wa shingoni niliutanguliza kuwashia moto. Nishtakini popote mnapotaka, nina muda, nimestaafu.

Lakini kabla ya kuichoma nilisoma ukurasa wa mwisho. Mtoto wa mwisho kuandikwa alikuwa yule wa bombani, niliyekuwa nimemuuliza jina. Jina lake lipo, nyumba anayokaa ipo, simu ipo. Kwenye safu ya lugha karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha mpaka ikatoboka. Alikuwa ameiba dakika moja mahali fulani, mtoto yule, akaifanya kazi ambayo mimi nilishindwa kuifanya nilipoombwa kwa adabu. Na pembeni ya tundu, kwa wino mwekundu, mwalimu wake alikuwa ameiandika lugha ile upya.